Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Vuga na Deni la Mtawala

Mji wa mawe ukitekwa hubaki na kovu. Mombasa ilichomwa na Wareno mwaka 1505, na lile Gereza walilolianza mwaka 1593 likaangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Hadi leo anayetaka kujua nani alimshinda nani huweza kwenda kuzigusa kuta kwa mkono wake. Kilwa nayo, iliyoporwa mwaka uleule wa 1505, ina magofu ya kuisemea. Lakini uko mji mwingine, si mbali sana na mwambao, ambao ulishikwa na wageni, ukagombewa na ndugu, ukachomwa na ukakabidhiwa kutoka mkono huu hadi ule kwa muda wa takriban karne mbili, nao hauna hata jiwe moja la kuusemea, kwa kuwa ulijengwa kwa miti na nyasi. Mji huo ni Vuga, makao ya wafalme wa Washambaa katika milima ya Usambara.

Mtu anayepanda kutoka Korogwe hadi Bungu, kwenye bega la kusini la milima hiyo, huielewa jiografia ya habari hii pasipo kuelezwa. Chini yake amekiacha kile bonde cha mto Pangani, ambao wenyeji huuita Luvu, na nyika kavu ambamo misafara ilipita kutoka pwani kwenda Kilimanjaro. Mbele yake kuna migongo ya milima, migomba, ukungu, na njia zinazoelekea Vuga. Washambaa wenyewe waliigawa dunia yao hivyo hivyo: Shambaai, nchi ya juu yenye mvua na chakula, na nyika, nchi ya chini yenye joto, homa na njaa. Bungu imekaa karibu na ukingo wa nchi hizo mbili, na ukingoni ndipo panapofaa kuuliza swali ambalo kuta za mawe haziwezi kulijibu. Mgeni akiingia katika mji wa watu akautawala, ni kitu gani kinachoweza kuugeuza utawala wake kuwa wa haki? Ni muda? Ni ridhaa ya wenyeji? Ni damu aliyoichanganya nao? Au hakuna kitu chochote, na ushindi hubaki ushindi hata ukivishwa kilemba na joho?

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hutajwa kwa furaha apokewapo mgeni mwenye zawadi, na ni wachache wanaosimama kwenye neno lake la mwisho. Haisemi mwenyeji afurahi, wala haisemi ashibe. Yasema apone, yaani inachukulia kwamba mwenyeji alikuwa tayari na maradhi yake kabla mgeni hajapiga hodi. Na Washambaa, katika lugha yao ya siasa, walilichagua neno lilo hilo. Kazi ya mfalme kwao ni kuzifya shi, kuitengeneza nchi na kuiponya. Na mfalme mbovu ni yule afanyaye kubana shi, anayeiharibu. Mwanahistoria wa Kimarekani Steven Feierman, aliyeanza kukaa na wazee wa Usambara katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake juu ya ufalme huo mwaka 1974, aliyaona maneno haya mawili kuwa ndiyo mhimili wa fikra zote za Washambaa kuhusu utawala. Mvua ikinyesha kwa wakati, migomba ikazaa na watoto wakakua, mfalme ameiponya nchi. Njaa ikiingia, haulizwi nani mwenye haki ya kukaa Vuga kwa nasaba. Huulizwa ni nani aliyeibana nchi.

Mgeni wa kwanza wa Vuga alikuwa Mbegha. Masimulizi humweleza kuwa mwindaji kutoka Ngulu, aliyezaliwa na ishara mbaya: meno ya juu yalimtangulia kuota, na mtoto wa namna hiyo, kigego, alihesabiwa kuwa mkosi kwa jamaa zake. Alipokua alinyimwa urithi, akatoka na mbwa wake na mikuki yake. Alipofika Kilindi alifanya urafiki na kijana wa mkubwa wa huko, kijana yule akafa mawindoni, na Mbegha akakimbia kwa kuhofia kisasi. Ndipo lilipotoka jina la ukoo wake, Wakilindi. Akapanda milima ya Usambara kama mtu asiye na kwao, akila nyama tupu kama mnyama wa mwitu. Wakulima wa milimani walikuwa na ndizi na unga lakini nyama ilikuwa adimu, na nguruwe mwitu wakiwaharibia mashamba. Yeye aliwapa nyama, wao wakampa chakula cha shambani. Sifa zake zikaenea kutoka kijiji hadi kijiji, akawa anaamua mashauri, akaoa kwao, mpaka wazee wa Vuga, ambao masimulizi huwataja pamoja na kiongozi wao Turi, wakamwita aje akae nao. Akamuua simba. Kuanzia hapo mfalme wa Vuga akawa huitwa Simba. Haya yanakadiriwa kutokea katika nusu ya kwanza ya karne ya 18.

Msomaji wa pwani hana budi kutabasamu kidogo hapa, kwa sababu hadithi hii anaijua kwa jina jingine. Tarehe ya Kilwa inasimulia kwamba Ali bin al-Hassan alikinunua kisiwa kile kwa nguo za kutosha kukizunguka pande zote. Na bwana wa bara alipojuta akataka kurudi kwa vita, alikuta mkondo umekwisha kuchimbwa maji yakawa ya kina, hapavukiki tena hata maji yakipwa. Kule ni nguo, huku ni nyama. Katika habari zote mbili hakuna aliyenyang'anywa kitu. Mwenyeji mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Ni hadithi nzuri mno, na uzuri wake ndio unaotia shaka. Wanaozisimulia mara nyingi ni wajukuu wa yule aliyeingia, na mjukuu wa mshindi hawezi kukosa sababu ya kusema kwamba babu yake alialikwa. Pia si siri kwamba katika habari ya Mbegha kubadilishana kule hakukudumu. Mwindaji alitoa nyama akapewa unga. Mfalme alipewa unga, na ng'ombe, na wake, kwa jina la kodi na heshima, na nyama haikuonekana tena. Wana wa Mbegha, na wana wa wanawe, waliwekwa kuwa watawala wa vijiji na mabonde, hata pasiwe na mlima usio na Mkilindi wake.

Basi je, habari ya nyama ni uongo? Yawezekana. Lakini hapa ndipo Vuga inapofundisha jambo ambalo halipatikani kwa wepesi katika vitabu vya falsafa ya utawala. Hata hadithi ya uongo, mtawala akishaisimulia hadharani na kuifanya msingi wa kiti chake, humfunga. Anayedai kwamba alipewa nchi kwa sababu aliwalisha watu amekiri mbele ya watu hao kwamba kuwalisha ndiyo sababu ya yeye kuwepo. Mjukuu wa mshindi akidhani anajipamba, kumbe anaandika hati ya deni, na hati hiyo huiweka mikononi mwa wale wale aliokusudia kuwanyamazisha. Mfalme mpya aliletwa Vuga kutoka Bumbuli, mahali alipowekwa mrithi, na kifo cha yule wa zamani kikifichwa kwanza kisitangazwe. Na siku ya kutawazwa kwake watu walimpokea kwa kumdai. Walimtaka mvua. Walimtaka chakula. Wazee wa baraza waliomweka hawakuwa Wakilindi bali watu wa kawaida, na walijua la kumwambia.

Ibn Khaldun, katika ile Muqaddima aliyoimaliza mwaka 1377, alisema kwamba aliyeshindwa hupenda daima kumwiga mshindi wake, katika mavazi, katika alama na katika desturi zote. Pwani ya Afrika Mashariki imejaa ushahidi wa maneno hayo. Huko Vuga, hata hivyo, mambo yalikwenda kinyume: mshindi ndiye aliyemwiga aliyeshindwa. Wakilindi walisema Kishambaa, walizikwa kwa taratibu za milimani, walikula vyakula vya milimani, na uganga wa mvua, ambao ndio uliokuwa roho ya ufalme wao, hauna maana yoyote nje ya nchi ya migomba. Walibaki na jina lao na majivuno yao, lakini kitu gani kingine walibaki nacho cha Ngulu? Mtu aweza kusema kwamba mji uliwameza. Na pengine hiki ndicho kipimo cha kwanza cha mgeni: si kwamba aliingia vipi, bali kama aliingia kweli, akaruhusu mji umfanye kitu ambacho hakuwa alipobisha hodi.

Isidhaniwe kwamba fikra hii haina upande wa giza. Washambaa walisema pia nguvu kwa nguvu, wakimaanisha kwamba nguvu mbili zilizo sawa zikikabiliana, nchi hufa njaa. Mvua hutaka mwenye mvua mmoja. Ni mawazo yanayoeleweka, kwa maana mkulima huumizwa na vita vya wakubwa kuliko huyo mkubwa mwenyewe. Lakini kutoka hapo hadi kumsujudia yeyote aliye na nguvu kuliko wote ni hatua fupi. Mfalme aliyekosa mpinzani aliweza kutwaa binti ya mtu, kuchukua mali ya mtu, hata kumtia mtu utumwani kwa kosa la jamaa yake, na bado mvua ikanyesha, na bado ikasemwa ameiponya nchi. Aliyechukuliwa mtumwa katika mwaka wa neema alikuwa na jibu gani? Kipimo kinachohesabu maghala na kuacha kuhesabu machozi ni kipimo pungufu, na wale wanaoipamba hekima ya wazee kana kwamba haikuwa na dhulma ndani yake hawawatendei wazee hao haki.

Mfalme aliyefika kileleni alikuwa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu mapema karne ya 19 hadi alipofariki mwaka 1862. Mmishionari wa Kijerumani Johann Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Utawala wake ulishuka hadi baharini: majumbe wa Mrima walikwenda kwake kupata idhini, na huku askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Unguja wamekaa Chogwe na Tongwe, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake. Mwezi Februari 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walipanda hadi Vuga, wakamkuta mzee aliyekondeana, mgonjwa, akitamani dawa ya kumrudishia nguvu zake. Burton aliyaandika hayo kwa kejeli yake ya kawaida. Hakutambua kwamba kwa Washambaa ugonjwa wa mzee yule haukuwa jambo la kitanda chake peke yake: aliyekuwa amelala pale ndiye aliyeishika mvua ya nchi nzima.

Mwanawe mkubwa, Mnkande, alikuwa amekwisha kufa. Kiti kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu, na mabibi na mababu wa milimani walipaswa kumtii kijana. Mmoja hakutii. Huyu alikuwa Semboja, mwana wa Kimweri, mtawala wa Mazinde, na kumwelewa Semboja ni kuelewa kwa nini kutekwa kwa Vuga safari hii hakukufanana na kule kwa kwanza.

Mazinde haiko milimani. Iko chini, nyikani, kwenye njia ya misafara. Katika zama za Mbegha mahali kama hapo palikuwa pa kupita upesi. Katika zama za Semboja palikuwa mlango wa utajiri. Kilichopanda kutoka Pangani kilikuwa nguo, na zaidi ya nguo, bunduki na baruti. Kilichoshuka kilikuwa pembe za ndovu, na baada ya vita kuanza, watu. Semboja aliishi kwa namna ya watu wa pwani, akavaa kama wao, akafanya biashara kama wao, na akajikusanyia watu wenye bunduki ambao hawakumtegemea mfalme yeyote kwa mvua. Kuelekea mwaka 1870 aliivamia Vuga akiwa na wasaidizi wa Kitaita. Mji ukachomwa. Shekulwavu akakimbia, na Wabondei kwa upande wao wakawaua na kuwafukuza Wakilindi waliowatawala, katika uasi ulioitwa Kiva.

Kisha Semboja akafanya jambo moja ambalo lapasa kutazamwa kwa utulivu. Aliushinda mji, na hakuhamia humo. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu awe mfalme wa Vuga, naye mwenyewe akarudi Mazinde. Kiti cha babu yake, ambacho watu walikuwa wamekiua na kukifia, hakikuwa na thamani ya kukikalia. Thamani ilikuwa njiani. Mbegha, kweli au kwa hadithi, alikuja na nyama, na nyama ilimfunga. Semboja hakusimulia hadithi yoyote, hakuahidi mvua, hakudaiwa. Bunduki haihitaji kualikwa. Vita kati ya upande wake na upande wa ndugu za Shekulwavu, waliojishikiza Usambara ya mashariki, vikaendelea kwa zaidi ya miaka 20, na hiyo ndiyo nguvu kwa nguvu yenyewe ambayo wazee walikuwa wakiiogopa. Kijiji kilichokuwa ukingoni, kikitazama nyika, hakikuwa na mahali pa kujificha. Kila kundi lililotaka mateka liliweza kulifikia.

Na mateka hao walikwenda wapi? Swali hili linawahusu wasomaji wa visiwani zaidi kuliko watu wa milimani. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu yake mingi. Pemba ikaokoka kwa sehemu kubwa. Bei ya karafuu ikapanda, mashamba ya Pemba yakapanuka, na mikono ya kuyahudumia ikatakiwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash akatia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kulifunga soko la Unguja, lakini Pangani na vibandari vya jirani viko ng'ambo tu, na jahazi la usiku halikuomba ruhusa. Kwa hiyo anayetaka kumjua aliyeiteka Vuga mara ya pili asiishie kwa Semboja na Wataita wake. Nyuma ya Semboja alikuwepo mwenye duka la baruti, na nyuma ya mwenye duka alikuwepo mwenye shamba, ambaye hakuuona mlima hata siku moja, hakumchukia Mshambaa yeyote, na pengine alikuwa mtu wa dua na sadaka. Mshindi wa namna hii hana jina katika orodha za wafalme. Hakuuingia mji, na mji haukupata nafasi ya kummeza. Hakuna mtu wa Vuga aliyeweza kumwendea siku ya njaa akamwambia, umeibana nchi.

Haifuati kwamba wajukuu wa mwenye shamba wana hatia ya babu yao. Jambo lililo gumu zaidi ni hili: fikra ya kuponya nchi inamhesabu mtawala aliye mbele ya macho, na karne ya 19 ilileta watawala wasioonekana. Mvua ya Vuga ilianza kuamuliwa katika bei ya karafuu, na uganga wa wafalme haukuwa na dawa ya bei.

Ajabu ni kwamba habari zote hizi zimehifadhiwa na mtu wa pwani. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliishi karibu na Semboja, akawajua wakubwa wa pande zote, akahudumu baadaye chini ya Wajerumani, na akaandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili. Kitabu kilichapwa kwa sehemu katika matbaa ya misheni ya Magila, kisha kikatolewa tena Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa uangalizi wa J. W. T. Allen. Ni miongoni mwa maandishi bora ya nathari ya Kiswahili ya zama zake, na inasikitisha kwamba wapenzi wa lugha huweza kuzitaja tenzi kumi kabla ya kukikumbuka kitabu hicho kimoja. Mwandishi wake alikaa upande wa mshindi wa pili, lakini aliyoyaandika kwa upendo mkubwa kuliko yote ni habari ya mshindi wa kwanza. Kurasa za Mbegha zina pumzi. Mbwa wanabweka, nyama inagawiwa, watu wanaitana kutoka mlima hadi mlima. Mtu aliyekuwa ameziona bunduki kwa macho yake alikwenda kuitafuta nyama. Huenda alikuwa akiwafurahisha Wakilindi waliokuwa wakimsimulia. Huenda pia alitambua ni nini kilichokosekana Mazinde.

Wajerumani walipokuja walikuwa na haraka. Mwaka 1895 Semboja alifariki, na mwaka huohuo walimnyonga Mputa, mfalme aliyekuwa Vuga, wakamweka Kinyashi wa upande wa Shekulwavu. Mwaka 1898 Vuga iliungua, na safari hii haikujengwa tena kama ilivyokuwa. Makao ya serikali yakawa Lushoto, waliyoiita Wilhelmstal, penye baridi inayowafaa. Reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, ikipita palepale nyikani, chini ya Bungu, katika njia ya misafara ya Semboja. Hao nao waliishika Vuga pasipo kuikalia. Kinyashi aliyaona mapema yanayokuja, akauacha ufalme baada ya miaka michache. Mfalme aliyenyongewa mtangulizi wake hahitaji mnajimu.

Waingereza, walioichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuwa na werevu zaidi. Walitaka kutawala kwa kupitia wafalme, hivyo katika miaka ya 1920 walimtafuta Kinyashi huyo huyo wakamrudisha. Walidhani wanajipatia karani mwenye nasaba. Hawakujua kwamba pamoja na mfalme walikuwa wameirudisha hati ya deni. Kwa kuwa watu walipoliona jina la Mbegha limerudi kitini walirudia kudai walichokuwa wakidai siku zote, na mara hii swali lilikuwa kali zaidi: mfalme mwenye bwana juu yake anaiponyaje nchi? Akiagizwa kukusanya kodi anakusanya; akiagizwa kuwatoa vijana anawatoa; je, akiombwa mvua atakwenda kuomba kibali kwa Bwana Shauri? Wengine walisema mvua ingali mikononi mwa Wakilindi ila wanaizuia kwa hasira. Wengine walisema imekwisha, kwani nguvu haiwezi kuwa ya mtu wawili. Ulikuwa mjadala wa falsafa ya siasa, uliofanywa na wakulima kwenye vibaraza vya nyumba zao, na haukuwa na upungufu wowote ukilinganishwa na ile inayofanywa katika vyuo.

Miaka ya 1950 ilileta mradi wa matuta. Maofisa wa kilimo waliona udongo unateremka na maji, nao hawakukosea katika kuona. Wakaamuru kila mtu alime matuta kwa vipimo vyao, na asiyelima atozwe faini. Walisema wanaiokoa ardhi. Kwa maneno ya Kishambaa, walikuwa wakidai kuiponya nchi, pasipo kujua kwamba neno hilo lina masharti. Kazi ilikuwa nyingi, mavuno hayakuongezeka, na waliolazimishwa hawakuona ni wapi ardhi iliponea. Chuki dhidi ya matuta iliwapa wapigania uhuru wa Usambara wafuasi wengi, na mradi ukaachwa kabla ya mwaka 1961. Muda mfupi baadaye, mwanzoni mwa 1963, machifu wa Tanganyika walikuwa wamekwisha kuondolewa madaraka yao kwa sheria, na hati ya deni ikabaki bila mdaiwa anayejulikana kwa jina.

Lakini kabla ya hayo yote, mwaka 1947, lilikuwepo lile tukio la Vuga. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, chakula kilikuwa kimepungua, amri zilikuwa zimezidi, na watu wa milimani waliamua kwamba mfalme wao wa wakati huo, Magogo, hawafai tena. Wangeweza kushuka hadi ofisi ya wilaya Lushoto, ambako amri zilitoka kweli. Wangeweza kuandika barua kwa Gavana, na wapo walioandika. Umati wenyewe, hata hivyo, ulikusanyika Vuga. Mji wa Kimweri ulikuwa umeungua miaka 49 kabla ya siku hiyo. Palikuwa na baraza la mfalme, migomba, na nyumba za kawaida kama za mlima mwingine wowote. Hapakuwa na ukuta wa kugusa. Watu walisimama palepale, juu ya ardhi ambayo babu zao walisema kwamba mwindaji mmoja mwenye njaa aliitwa akaletwa, wakamtaka mjukuu wake aondoke.